Kuutuliza Mwili Ukiwa Kazini: Mwongozo kwa Mshauri Nasaha

Mshauri nasaha hana kisu cha upasuaji wala mashine ya kupimia. Anachofanyia kazi ni sikio lake, sauti yake, uso wake na uamuzi wake wa papo kwa papo kuhusu lipi aulize na lipi aliache lipite. Vyote hivyo huendeshwa na mwili uleule ambao tangu asubuhi umekuwa ukipokea habari za vipigo, misiba, ubakaji, majibu ya vipimo na ndoa zinazovunjika. Mwili huo unapovurugika, uwezo wake wa kusikiliza hupungua kabla yeye mwenyewe hajatambua, na anayepata hasara ni mteja. Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba kujitambua na kujituliza wakati wa kazi ni sehemu ya huduma yenyewe, sawa na kutunza siri za mteja, na si jambo la kusubiri Jumamosi au likizo ya mwaka. Mwongozo huu umeandikwa kwa wale wanaokaa na wateja siku nzima: wanasaikolojia, maafisa ustawi wa jamii, washauri wa kliniki za tiba na matunzo kwa wanaoishi na VVU, watumishi wa Vituo vya Mkono kwa Mkono wanaowapokea walionyanyaswa, na wanaopokea simu za msaada kwa watoto.

Kinachotokea mwilini

Mfumo wa neva unaojiendesha, yaani ule usiosubiri amri ya mtu, una matawi mawili yanayotuhusu zaidi hapa. Tawi la simpathetiki huuandaa mwili kupambana au kukimbia, hali ambayo mwanafiziolojia wa Marekani Walter Cannon aliieleza mwaka 1915: moyo hudunda kwa kasi, pumzi hupanda kifuani, misuli hukaza, mboni za macho hupanuka na tumbo hupunguza kazi ya kusaga chakula. Tawi la parasimpathetiki huurudisha mwili kwenye utulivu, na njia yake kuu ni neva ya vagasi, ambayo hutoka kwenye shina la ubongo na kushuka hadi kwenye moyo, mapafu na tumbo. Nyuzi nyingi za neva hiyo hazishushi amri, bali hupandisha taarifa kutoka kwenye viungo kwenda kwenye ubongo. Huo ndio msingi wa mambo yote yatakayofuata: ukibadilisha namna unavyopumua au unavyoketi, ubongo hupata taarifa mpya kutoka mwilini, na tathmini yake kuhusu hatari inaweza kubadilika hata kama simulizi unayoisikiliza haijabadilika.

Mwaka 1999 daktari wa magonjwa ya akili Daniel Siegel alieleza kwamba kila mtu ana eneo lake la ustahimilivu, ambamo anaweza kuhisi na kufikiri kwa wakati mmoja. Akisukumwa juu ya eneo hilo, huingiwa na wasiwasi, hasira au haraka. Akishuka chini yake, hufa ganzi, huwa mzito na akili huondoka chumbani. Inafaa kulisisitiza hili la pili, kwa kuwa washauri wengi hulichukulia kama uzoefu wa kazi. Mshauri ambaye haguswi tena na lolote hajawa mtulivu. Mara nyingi amekwisha kushuka chini ya eneo lake la ustahimilivu, na mteja hulihisi hilo upesi.

Katika mafunzo mengi utakutana pia na nadharia ya mwanasaikolojia Stephen Porges kuhusu sehemu mbalimbali za neva ya vagasi, ambayo ilitolewa katikati ya miaka ya 1990. Baadhi ya madai yake bado yanabishaniwa na wanasayansi, lakini hatua zilizomo humu hazihitaji mabishano hayo yamalizike.

Kabla ya mteja wa kwanza

Huwezi kutambua kwamba kikao kimekubadilisha iwapo hukujua ulivyokuwa kabla hakijaanza. Kwa hiyo fika dakika chache kabla ya mteja wa kwanza, keti kwenye kiti kilekile utakachokitumia, na uupitie mwili wako kwa utaratibu: taya limekaza au limelegea, mabega yako wapi, pumzi inaishia kifuani au inafika tumboni, mikono ni ya baridi au ya joto, tumbo limetulia au limejikunja. Halafu andika mstari mmoja katika daftari dogo, kwa mfano: “Saa mbili asubuhi, mabega juu, pumzi fupi, nimekuja na hasira ya foleni na mawazo ya ada ya mtoto.” Hilo linatosha. Usijaribu kuondoa kila ulichokikuta, kwa kuwa lengo la zoezi hili ni kupata kipimo cha kulinganishia.

Kuitaja hisia kwa jina lake kuna faida ambayo imeonekana hata maabara. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walionesha kwamba watu wanapotafuta neno la kuitaja hisia inayoonekana katika picha ya uso, mwitikio wa amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na hofu, hupungua. Kwa hiyo neno “hasira” lililoandikwa asubuhi si kumbukumbu tu, bali tayari limeanza kazi. Jitahidi neno liwe mahususi. “Sijisikii vizuri” haikuelezi kitu, lakini “nina aibu kwa jinsi nilivyomjibu mama mkwe” inakuonya kuwa makini pindi mteja wa saa nne atakapoanza kuzungumzia wakwe zake.

Ndani ya kikao

Hapa ndipo penye ugumu, kwa kuwa huwezi kusimama, kufumba macho wala kutoka nje, na mtu aliye mbele yako anakutazama. Jambo la kwanza ni kuzijua dalili zako mwenyewe, maana kila mtu ana zake. Anayepanda juu huanza kuinama mbele, huuliza maswali mfululizo bila kusubiri majibu, hutoa ushauri kabla ya wakati, huahidi mambo yaliyo nje ya uwezo wake, au huhisi kwamba ni lazima amwokoe mteja leo hii. Anayeshuka chini hutazama saa, hupiga miayo, husema “pole” kwa sauti isiyo na uhai, hukimbilia kuandika kwenye faili ili asimtazame mteja, au hugundua kwamba dakika mbili zimepita bila yeye kusikia lolote. Waulize wenzako waliowahi kukaa nawe kwenye kikao, kwa sababu kuna dalili ambazo wao huziona mapema kuliko wewe.

Unapogundua kwamba umepanda, anza na kutoa pumzi, si kuvuta. Moyo huongeza kasi kidogo mtu anapovuta pumzi na huipunguza anapoitoa, kwa hiyo pumzi inayotolewa kwa muda mrefu zaidi kuliko inavyovutwa huipa neva ya vagasi nafasi ya kufanya kazi yake. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Ukivuta kwa sekunde nne na kutoa kwa sekunde sita, utapumua mara sita. Fanya hivyo kimya kimya kupitia puani huku ukiendelea kusikiliza, kwa mizunguko mitatu au minne, bila kujaza kifua kupita kiasi, kwani kupumua kwa nguvu huleta kizunguzungu. Wakati huohuo sikia nyayo zako zikiikanyaga sakafu na uzito wako ukibebwa na kiti, achanisha meno, na uruhusu macho yaone upana wa chumba bila kuuacha uso wa mteja. Mwishowe punguza kasi ya usemi wako, kwa kuwa sauti ni mojawapo ya njia ambazo utulivu wako humfikia yule aliye mbele yako.

Ukishuka chini, dawa ni kinyume cha hiyo, na wengi hukosea hapa kwa kuendelea kupumua polepole, jambo ambalo linaweza kuuongeza ule uzito. Nyoosha mgongo, zisukume nyayo sakafuni, kunja na kukunjua vidole vya miguu ndani ya viatu, kunywa maji kidogo, kisha rudi kwa mteja na swali lenye kitu cha kushika: “Ulisema alirudi usiku. Wewe ulikuwa wapi ndani ya nyumba?” Swali la namna hiyo huamsha umakini wa pande zote mbili. Hata hivyo, angalia usiulize undani wa tukio la kutisha kwa ajili ya kujiamsha wewe. Uliza kile ambacho mteja yuko tayari kukisimulia.

Chunguza pia mkao wako. Binadamu wanaozungumza kwa ukaribu huigana bila kujua, na mshauri mzuri huiga zaidi kwa sababu anasikiliza zaidi. Ikiwa mteja amejikunja na kubana pumzi, kuna uwezekano mkubwa kwamba baada ya dakika kumi nawe umejikunja na kubana pumzi, na mwili wako unautafsiri mkao huo kama hofu yako mwenyewe. Kuigana huku si kosa, maana mara nyingine ndiko kunakokujulisha uzito wa hali ya mteja kabla hajapata maneno ya kuueleza. Jambo la msingi ni kutambua kwamba unaiga na kuweza kutoka. Egemea nyuma kidogo, fungua mikono, pumua, na baada ya muda huenda mteja naye akakufuata.

Picha unazoziona kichwani ni suala jingine linalostahili uangalifu. Chukua mfano wa mama anayemleta binti yake wa miaka tisa katika Kituo cha Mkono kwa Mkono, naye mshauri ana binti wa umri huohuo. Anaposikiliza, akili yake inaweza kumweka mwanawe mwenyewe ndani ya simulizi, na kuanzia hapo hasikilizi tena bali anapambana na tukio linalomtokea yeye. Majaribio ya mwanasaikolojia C. Daniel Batson na wenzake, yaliyochapishwa mwaka 1997, yalionesha kwamba mtu anayewaza jinsi ambavyo yeye mwenyewe angejisikia akiwa katika nafasi ya mwenye shida hupata huruma pamoja na dhiki binafsi, ilhali anayewaza jinsi mwenye shida anavyojisikia hupata huruma bila kuelemewa kwa kiasi hicho. Kwa vitendo maana yake ni hii: ukiona sura ya mwanao, ipishe taratibu na umtazame mtoto huyu aliye mbele yako, nguo aliyovaa, namna alivyoushika mkono wa mama yake, na ukweli kwamba wakati huu yupo hapa, yuko hai na analindwa. Macho yakirudi kwake, mwili nao hurudi.

Kutenganisha kilicho chako na kilicho cha mteja

Sigmund Freud, mwanzilishi wa tiba ya uchambuzi wa nafsi, alipoandika mwaka 1910 kuhusu hisia zinazoamshwa ndani ya mtibabu na mgonjwa wake, alizichukulia kama kikwazo ambacho mtibabu anapaswa kukishinda. Mwaka 1950 mchambuzi wa nafsi Paula Heimann alitoa hoja tofauti, kwamba hisia hizo ni chombo cha kumwelewa mgonjwa. Kwa maoni yangu wote wawili wanahitajika mezani. Hisia inayokujia kikaoni inaweza kuwa habari muhimu kuhusu mteja, na inaweza pia kuwa deni lako la zamani ambalo limepata mahali pa kudaiwa. Jiulize kimya kimya: je, hisia hii nilikuja nayo asubuhi? Je, huwa inanijia kwa wateja wote wa aina hii, au kwa huyu peke yake? Je, imeanza kwa neno gani? Daftari la asubuhi husaidia hapa kuliko kumbukumbu. Baada ya hapo ichukulie hisia kama dhana ya kupimwa kwa swali, kamwe si kama uchunguzi uliokamilika. Kuhisi hasira hakuthibitishi kwamba mteja ana hasira.

Suala hili huwa zito zaidi pale mshauri anapotoka katika jamii iliyopitia yaleyale. Mshauri wa Goma au Bukavu anayewasikiliza waliokimbia vijiji vyao mara nyingi ameishi ndani ya vita hiyohiyo. Mshauri wa kliniki ya VVU anaweza kuwa naye anaishi na VVU au amewazika ndugu kwa ugonjwa huo. Uzoefu wa namna hiyo humpa ufahamu ambao kitabu hakiutoi, lakini humwondolea ule umbali mdogo ambao wengine wanao bila kuufanyia kazi. Kwake yeye, kuelekeza umakini ndani ya mwili kunaweza hata kuamsha kumbukumbu badala ya kuleta utulivu. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyo kwako, elekeza umakini nje: hesabu rangi zilizomo chumbani, sikiliza sauti ya feni, gusa ukingo wa meza, na uache mazoezi ya kufumba macho hadi utakapokuwa na mtu wa kukusindikiza.

Je, mteja ajue kwamba umeguswa? Wengi wetu tumefundishwa kuuzuia uso usioneshe lolote. Emily Butler na wenzake walichapisha mwaka 2003 majaribio ambamo wanawake wasiofahamiana walizungumza wawili wawili baada ya kutazama filamu ya kuhuzunisha, huku baadhi yao wakiwa wameelekezwa kuficha hisia zao. Shinikizo la damu lilipanda kwa walioficha na pia kwa wale waliozungumza nao, na ukaribu baina yao ukadhoofika. Hiyo ni sababu ya kutosha ya kuachana na uso wa jiwe. Kauli fupi ya kweli inafaa zaidi: “Ulichokisema ni kizito, na kimenigusa. Naomba tutulie kidogo kabla hatujaendelea.” Mteja huona kwa macho yake jinsi mtu anavyoguswa kisha akarudi kwenye utulivu bila kukimbia, na huenda ni mara yake ya kwanza kuliona hilo. Machozi nayo si fedheha, mradi mteja asilazimike kuacha habari zake ili akubembeleze wewe.

Kati ya mteja mmoja na mwingine

Adrenalini, homoni inayouamsha mwili mara moja, huondoka kwenye damu upesi, lakini homoni ya kortisoli hufikia kilele takriban dakika 20 hadi 30 baada ya mshtuko kuanza. Kwa hiyo kikao kizito kinapomalizika, mwili wako bado uko kazini, na ukimwita mteja anayefuata papo hapo utampokea kwa mwili wa kikao kilichopita. Ndiyo sababu kikao cha dakika 50 kilichoachiwa dakika kumi ni utaratibu wa busara, na inafaa kuutetea popote unapowezekana.

Katika dakika hizo, inuka. Misuli iliyoandaliwa kukimbia inahitaji kutembea, hata kama ni kwenda tu hadi mwisho wa korido na kurudi au kupanda ngazi mara moja. Nawa mikono kwa maji ya baridi na uyasikie yanavyopita kwenye vidole. Tazama mbali kupitia dirishani, kwa kuwa macho yaliyokaza kwenye uso mmoja kwa muda mrefu nayo huchoka. Kisha fanya pumzi ya kushusha: vuta kupitia puani, ongeza mvuto mdogo wa pili juu ya ule wa kwanza, halafu toa polepole kupitia mdomoni mpaka hewa iishe. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa mwaka 2023 uliilinganisha pumzi hiyo, kwa dakika tano kila siku kwa muda wa mwezi mmoja, na aina nyingine za kupumua pamoja na tafakuri ya kuzingatia wakati uliopo, nayo ndiyo iliyoongoza katika kuinua hali ya moyo. Kazini mara tatu hadi tano zinatosha. Mwenye maradhi ya moyo au ya mapafu amwone daktari kabla ya kufanya mazoezi yoyote ya kupumua kwa bidii.

Maliza kumbukumbu za kikao kabla ya mteja anayefuata, hata kwa mistari mitatu, kisha funga faili. Habari ambayo haijaandikwa huendelea kushikiliwa na akili kwa hofu ya kuisahau. Simu ya mkononi iache mezani. Ujumbe wa kikundi cha ukoo kuhusu michango ya harusi haupumzishi mtu, hata kama unampeleka mbali na kazi.

Najua kwamba katika hospitali nyingi za umma foleni iko mlangoni na dakika kumi ni ndoto. Basi chukua mbili. Simama, toa pumzi ndefu mara tatu, nawa mikono, andika neno moja kwenye daftari, kisha ita mteja. Anayepokea simu za msaada avue vifaa vya masikioni na ainuke kabla ya simu nyingine kuingia, na timu ikubaliane kwamba baada ya simu nzito mwenzake apokee inayofuata. Ikiwa unapanga ratiba mwenyewe, usiwafuatanishe wateja wawili wenye kiwewe kikali, na usimweke mteja mgumu zaidi mara tu baada ya chakula cha mchana. Chakula chenyewe ukile ukiwa umeketi, mbali na meza ya kazi.

Kwa anayeswali, adhuhuri na alasiri huja na udhu, kusimama, kurukuu na kusujudu. Kwa Mkristo kuna sala fupi ya mchana. Ibada ina makusudio yake yaliyo makubwa kuliko kushusha mapigo ya moyo, wala sishauri igeuzwe kuwa zoezi la afya. Hata hivyo, ni kituo ambacho tayari kimo ndani ya siku yako na ambacho mwajiri hukiheshimu, hivyo usikiharakishe kwa ajili ya foleni.

Jioni, na pale ambapo pumzi haitoshi

Kabla ya kutoka, rudia ukaguzi wa asubuhi na uandike mstari wa mwisho. Badili viatu au nguo ikiwezekana, na teremka kituo kimoja kabla ya kile cha nyumbani ili utembee. Usimsimulie mwenzi wako habari za wateja, mwambie jinsi wewe ulivyo: “Leo nimechoka moyo, nahitaji nusu saa kabla ya kuzungumza.”

Zipo hali ambazo mbinu hizi hazitaziponya. Tangu mwaka 1990 Lisa McCann na Laurie Anne Pearlman waliandika kuhusu kiwewe kinachompata msikilizaji, na mwaka 1995 Charles Figley akakusanya maandiko kuhusu uchovu wa huruma, yaani uchovu unaowapata wanaowahudumia waliopatwa na kiwewe. Ukianza kuota matukio ya wateja, ukiwa unafurahi mteja fulani asipotokea, ukiwaogopea watoto wako kupita kiasi, au ukihitaji pombe ili upate usingizi, tafuta mshauri wako mwenyewe bila kuchelewa. Aidha, pumzi ndefu haiwezi kuurekebisha mzigo wa wateja usiobebeka. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la kumi na moja la orodha yake ya magonjwa lililopitishwa mwaka 2019, linaeleza uchovu wa kupindukia wa kazi kuwa unatokana na msongo sugu wa mahali pa kazi ambao haukudhibitiwa. Sehemu inayotajwa hapo ni mahali pa kazi, kwa hiyo lipeleke suala la idadi ya wateja kwenye kikao cha idara kwa maandishi, pamoja na wenzako.

Lile daftari nalo lipeleke kwa msimamizi wako wa kitaaluma. Lisiwe na majina ya wateja wala jambo lolote la kuwatambulisha; liwe na saa, hali ya mwili na neno la hisia tu. Mkilisoma pamoja baada ya wiki kadhaa mtaona kwamba mabega hupanda siku zilezile, au kwamba ganzi huja kwa aina moja ya kesi. Ombeni kikao chote cha usimamizi kitumike kwa kesi hizo, na kama idara haina msimamizi, washauri wawili au watatu wanaoaminiana wanaweza kupeana saa moja kila baada ya wiki mbili, kila mmoja akianza na hali ya mwili wake kabla ya kueleza kesi.